Simu Inayofanya Kazi Mfukoni

Rais Uhuru Kenyatta alipofunga Nairobi na viunga vyake tarehe 6 Aprili 2020, amri ile iliutaja mji wa Kitengela kwa jina. Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong ziliwekwa ndani ya zuio. Mji wa Kajiado ukabaki nje. Kwa miezi mitatu Kaunti ya Kajiado ilikatwa vipande viwili, na mtu wa Kitengela aliyezoea kufuata shughuli zake Kajiado mjini hakuruhusiwa kuvuka. Malori ya mizigo yaliendelea kuteremka barabara ya Namanga, na kule mpakani madereva wakapimwa virusi vya korona.

Swali lililowasumbua maafisa wa afya lilikuwa moja: mgonjwa alikaa na nani? Walilitafutia jibu kwa daftari na kwa kupiga simu. Mgonjwa huwataja mkewe, watoto, mwenye duka. Hawezi kumtaja aliyebanana naye kwenye matatu kutoka Kitengela hadi Nairobi, kwa maana hamjui. Mwezi Machi mwaka huo serikali ilizindua mSafari, ili abiria wajiandikishe wanapopanda gari. Kwingineko duniani mafundi wa programu walishika njia nyingine: simu zenyewe zitambuane kwa Bluetooth, zikumbuke zilikutana lini na kwa muda gani, na mwenye simu asiguse chochote. Njia hiyo haikupata kuwa ya taifa zima hapa kwetu. Hata hivyo kazi iliyofanywa ndani yake inastahili kutazamwa taratibu, kwa kuwa ni ufundi wa hali ya juu ambao mtumiaji hauoni kabisa.

Kuzifanya simu mbili zitambuane zikiwa wazi mkononi ni kazi ya siku moja. Ugumu unaanza mtu anapozima kioo na kuitia simu mfukoni. Hapo mfumo wa simu unaanza kulinda betri, na kila programu inayotaka kuendelea kufanya kazi inatiliwa shaka. Shaka hiyo ina haki yake: programu nyingi zimeitumia nafasi hiyo kumpeleleza mtu na kumlia chaji.

Chukua iPhone. Programu ikishaachwa nyuma, simu haitangazi tena utambulisho wake kamili. Huubana ndani ya eneo dogo la biti 128, na huduma yote inawakilishwa na biti moja iliyowashwa. Ni kama makanga aliyenyamaza akabaki kuinua kidole: anayeijua ishara atapanda, mwingine atapita bila kujua gari linaenda wapi. Na iPhone mbili zilizolala zote pamoja hazionani. Singapore ilipotoa programu yake ya TraceTogether tarehe 20 Machi 2020, wenye iPhone waliombwa waiache programu wazi kwenye kioo. Nani atakaa hivyo kutwa nzima, tena ndani ya matatu?

Waingereza walijaribu hila ninayoipenda kwa ubunifu wake. iPhone ikiguswa na ujumbe wa Bluetooth, programu iliyolala hupewa takriban sekunde kumi za kufanya kazi. Basi wakaziunganisha simu, na kila moja ikawa inamgusa mwenzake kabla sekunde hizo hazijaisha, naye anarudisha mguso. Zikikaa karibu, zinakeshana. Mwezi Mei waliijaribu katika kisiwa cha Wight. Tarehe 18 Juni serikali yao ikatangaza kuwa programu ilitambua asilimia 75 ya simu za Android zilizokuwa karibu, lakini asilimia 4 tu ya iPhone, wakaiacha. Hila inayotegemea simu isilale hata mara moja huvunjika siku ya kwanza inapolala.

Apple na Google walikuwa wametangaza mpango wao tarehe 10 Aprili, wakautoa tarehe 20 Mei: kazi ikafanywa na mfumo wa simu wenyewe badala ya programu iliyo juu yake. Hapa ndipo ustadi unapodhihirika katika vitu vidogo. Tangazo la Bluetooth lina baiti 16 za utambulisho na baiti 4 za ziada zilizofichwa kwa ufunguo. Hutoka mara nne hivi kwa sekunde, kwa kuwa kutangaza hakugharimu umeme mwingi. Kusikiliza ndiko kunakomaliza chaji, kwa hiyo simu husikiliza sekunde chache tu kila baada ya dakika kadhaa. Utambulisho hubadilika kila baada ya dakika kumi hadi ishirini, na anwani ya Bluetooth hubadilika papo hapo pamoja nao. Kimoja kikitangulia kingine, mtu angeweza kukufuata kutoka steji hadi nyumbani kwako. Kulifikiria jambo hilo mapema, wakati dunia nzima ikiharakisha, ni heshima kubwa kwa mtu usiyemjua.

Kitengela, hata hivyo, ni mji wa Android, na wengine bado wana simu za kabambe zisizoweza lolote kati ya haya. Android ina masharti yake. Tangu toleo la 8.1, utafutaji usiotaja unachotafuta husimamishwa kioo kikizimika. Programu inayotaka kubaki hai inalazimika kuweka arifa, mwenye simu aione. Juu ya hayo, baadhi ya watengenezaji wa simu za bei nafuu huongeza walinzi wao wa betri wanaoua programu bila kuuliza. Fundi wa hapa angetumia muda wake mwingi kupambana na hao.

Kisha kuna gari lenyewe. Umbali hukadiriwa kwa nguvu ya mawimbi yanayofika, na bodi ya chuma huyarudisha mawimbi huku na huku, wakati mwili wa binadamu unayameza. Mwaka 2020 Douglas Leith na Stephen Farrell wa Trinity College walipima ndani ya tramu ya Dublin, wakakuta makadirio hayo hayakuwa bora kuliko kubahatisha. Matatu ya abiria 14 ni chumba kidogo zaidi, chenye magoti yanayogusana.

Ndiyo maana namhusudu Adam Fowler na wenzake waliotengeneza Herald, mradi ambao Australia iliutia ndani ya programu yake ya COVIDSafe. Walikubali masharti ya kila simu yalivyo. Android, isiyofungwa sana, inabeba taarifa kati ya iPhone mbili zilizolala, kila moja ikajua mwenzake yupo. Kwenye gari la Kitengela, iPhone mbili zingezungukwa na Android kumi na mbili, na mpango huo ungepata mazingira mazuri kuliko kisiwani Wight. Msimbo wake uko wazi, unaruhusiwa kuchukuliwa na yeyote. Kinachobaki ni kuupima kwa Tecno, Infinix na Itel zilizomo mifukoni mwa watu, kwenye gari lililojaa, vioo vikiwa vimezimwa, kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini na kurudi.