Jamaa Anayelipwa Kusoma Barua za Watu

Wapo wahakiki ambao wakisikia maneno "riwaya ya mapenzi" hukunja uso kama waliolishwa shubiri. Fasihi pendwa, wanasema, haina maudhui mazito. Ni ya kusoma ndani ya basi kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam, kisha unaisahau kwenye kiti. Hii ya Rainbow Rowell, iitwayo Attachments (2011), mimi niliisomea Mafinga kwenyewe, baridi ya Julai, chini ya blanketi mbili, na sikuiweka chini mpaka ilipokwisha. Ni tamu, bwana. Swali ni kwamba utamu huo unatoka wapi, na je, ni halali kuufurahia?

Mandhari ni mji wa Omaha, Marekani, mwaka 1999, katika ofisi ya gazeti la kubuniwa liitwalo The Courier. Wafanyakazi ndiyo kwanza wameunganishiwa intaneti, na mabosi wana wasiwasi kwamba watu watashinda wakipiga soga. Basi wanamwajiri Lincoln, kijana wa miaka 28 anayeishi kwa mama yake, akae zamu ya usiku asome barua pepe zilizonaswa na programu ya ulinzi. Aliyekiuka taratibu aandikiwe onyo. Wanaonaswa sana ni Beth, mwandishi wa habari za filamu, na mwandani wake Jennifer, mhariri. Hao wawili wana midomo! Lincoln angetakiwa kuwaonya siku ile ya kwanza. Hakuwaonya. Akasoma, akacheka, akasoma tena, hata akampenda Beth kabla ya kuijua sura yake. Sasa atamwendeaje mtu huyo? Amwambie nakufahamu vizuri, maana kila usiku nafungua barua zako?

Sisi Afrika Mashariki mapenzi ya ofisini katika vitabu tumeyazoea kwa sura moja: bosi na sekretari wake. David Maillu wa Kenya aliyatungia utenzi mzima kwa Kiingereza, After 4.30 (1974), na jina lenyewe linatuambia kwamba shughuli huanza saa kumi na nusu, kazi ikishakwisha. Vitabu vyake vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1976. Katika mkondo huo, mwenye kiti kikubwa ndiye mwenye sauti, na binti anayepiga taipu huchagua kati ya mshahara na heshima yake. Rowell ameipindua hali hiyo. Mapenzi yanazaliwa ndani ya kazi yenyewe, tena mikononi mwa mfanyakazi asiye na cheo, ambaye usiku hula chakula alichofungiwa na mama yake na kumgawia Doris, mama anayejaza mashine za vinywaji. Ndiyo maana mapenzi haya si ya kawaida. Hakuna anayepandishwa cheo, hakuna anayetishwa kufukuzwa.

Lakini ngoja kwanza. Tunapozungumzia kufungua barua ya mtu, sisi tuna kumbukumbu zetu. Katika Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, barua ya Charles inamletea Rosa kipigo kutoka kwa Zakaria, baba yake, na majeraha yake hayaishii mgongoni. Waliosoma shule za bweni nao wanajua: barua inakuja kwa sanduku la shule, imekwisha kufunguliwa, na aliyeisoma ana fimbo. Hebu mfikirie mwalimu huyo wa nidhamu akikwambia kwamba amevutiwa na uandishi wako. Ungetoka mbio! Kwa nini basi hatumkimbii Lincoln?

Jibu langu liko kwenye fani. Msanii amezipanga sura kwa kupokezana: hii ni barua za wanawake wawili, ile ni masimulizi ya maisha ya Lincoln. Barua hizo tunazisoma sisi wenyewe, neno kwa neno, tena kwa uchu, na kufika ukurasa wa hamsini tumekwisha kuwa washiriki wake. Utamhukumu vipi mtu mnayechungulia naye dirisha moja? (Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge zilipochapishwa kitabu mwaka 2002, ni nani kati yetu aliyezifumbia macho?) Huu ni ufundi mkubwa, na wanaoibeza fasihi pendwa hawauoni kwa sababu hawafiki ukurasa wa hamsini.

Jina la riwaya nalo lina maana mbili, viambatisho vya barua pepe na mafungamano ya moyo. Kwa Kiswahili mchezo huo unawezekana bila jasho: kiambatisho kiko kwenye kompyuta, na kuambatana ndilo neno analotumia mchungaji siku ya harusi. Mtafsiri ajitokeze.

Ninapogombana na mwandishi ni pale anapojaribu kusawazisha mizani. Anamfanya Beth naye amwone kijana mzuri kwenye korido, amwinde kwa macho na kumsimulia Jennifer, bila kujua kwamba huyo huyo ndiye msomaji wake. Inachekesha kweli, lakini si sawa kwa sawa. Kumwangalia mtu koridoni kila mtu anaweza. Ufunguo wa barua anao mmoja. Kwa mji kama Mafinga, ambapo habari ya waliokunywa chai pamoja halmashauri inafika sokoni kabla ya jioni, Beth angemjua mapema na kuchagua mapema. Lincoln anaacha kazi na kumwandikia Beth barua ya kukiri, na hapo ninampa heshima yake. Msamaha wa Beth ndio unaokuja haraka mno, kurasa chache tu.

Halafu yupo Jennifer. Mwenzangu mmoja, dada tuliyebishana naye sana juu ya kitabu hiki, ndiye aliyenionyesha. Jennifer anamwandikia rafiki yake hofu ya kuzaa, kisha mimba, kisha mimba kuharibika. Lincoln anayasoma yote hayo. Beth anapata mchumba kwa barua zake zilizofunguliwa. Jennifer amekuwa kuni tu za kupikia mapenzi ya wengine.