Jiwe Moja, Safari Mbili

Fundi wa hesabu za vitu vinavyorushwa utamtambua kabla hajaandika namba hata moja. Anachora kwanza. Anaweka mstari wa ardhi, jengo, mshale wa jiwe linakoelekea, kisha mishale miwili mingine, mmoja umelala na mmoja umesimama wima. Katika mishale hiyo miwili ndimo ulimo ufundi wote.

Tuchukue hesabu moja. Mtu yuko juu ya paa, mita 15 kutoka ardhini. Anarusha jiwe kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kwenda juu kwa pembe ya nyuzi 30. Litaanguka umbali gani kutoka ukutani?

Ukilitazama jiwe lile angani hujui uanzie wapi. Linapinda, na kila mahali lina kasi nyingine na mwelekeo mwingine. Fundi anaigawa kasi yake. Sini ya 30 ni nusu, basi mita 10 kwa sekunde zinakwenda juu. Kosini inatoa 17.3 za kwenda mbele. Kuanzia hapo ni safari mbili zisizoingiliana. Ya mbele, tukiacha ukinzani wa hewa, haiongezeki wala haipungui. Ya wima inavutwa na dunia, na kila sekunde kasi yake inabadilika kwa mita 9.8, tutumie 10 kurahisisha kazi. Zinachoshiriki ni muda tu.

Mgawanyo huu haukuonekana upesi. Mwaka 1537 mwanahisabati Tartaglia bado alichora njia ya risasi ya mzinga ikianza na mstari ulionyooka, ikifuata tao, kisha mstari wa kuanguka. Galileo ndiye aliyeonyesha, katika kitabu kilichochapwa Leiden mwaka 1638, kwamba mwendo usiobadilika wa mlalo ukiungana na mwendo wa kuanguka huzaa parabola. Kitabu kilipotoka alikuwa ameshapofuka.

Turudi kwenye paa. Tuliite sifuri, na juu kuwe chanya. Ardhi basi ni −15. Tukiuita muda t, na 5 ikiwa nusu ya ile 10 ya mvuto wa dunia, mlinganyo unakuwa −15 = 10t − 5t². Gawanya kwa 5, panga upya: t² − 2t − 3 = 0. Mabano yanatoka bila taabu, (t − 3)(t + 1) = 0. Muda ni sekunde 3, au −1.

Hapa wengi hukata −1 kwa kalamu na kusonga mbele, na alama wanapata. Mwalimu wetu wa fizikia alimzuia mwenzetu aliyekuwa ubaoni, ameshanyanyua kifutio. "Usiifute kwanza, mwanangu. Iulize imetoka wapi."

Tukarudisha saa nyuma. Sekunde moja kabla ya kurushwa, hesabu inaliweka jiwe chini kabisa, ardhini, mita 17.3 nyuma ya pale aliposimama mrushaji, likipanda kwa kasi ya wima ya mita 20 kwa sekunde. Aljebra haikuambiwa kwamba kuna mtu paani. Inaujua mwendo tu, na mwendo huo ungeweza kabisa kuwa umeanzia ardhini sekunde moja nyuma, ukapita paani kwa kasi ile ile. Jibu lile halikuwa kosa. Lilikuwa jibu sahihi la swali ambalo hatukuuliza. Darasa lilinyamaza kwa muda, na mimi nadhani siku ile ndipo nilipoipenda kazi hii.

Kilichobaki ni kuupeleka muda kwenye safari ya pili: 17.3 mara 3, karibu mita 52 kutoka ukutani.

Ukiwa na kalamu karibu, lishushe jiwe hilo kwenye uwanja tambarare. Lirushe kwa kasi ile ile kwa nyuzi 30, kisha kwa nyuzi 60. Utaona 10 na 17.3 zikibadilishana nafasi, na mara zote mbili jiwe litatua mita 34.6 kutoka uliposimama.