Kombe Waliovunjika wa Tendaguru

Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kinajulikana kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Matabaka ya mifupa hiyo yametenganishwa na miamba ya mchanga wa baharini iliyojaa magamba ya kombe aitwaye Trigonia. Anayetaka kujua mfupa umetoka tabaka gani aanze na kombe huyo, hata akiwa na vipande vyake tu.

Wengi hukimbilia mbavu za nje ya gamba. Naona zingoje, maana huchakaa, na kombe wasio na undugu huweza kuwa na mbavu zinazofanana. Lowanisha kwanza ukingo uliovunjika, uutazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukikuta matabaka membamba yamelaliana kama kurasa za kitabu, kuna uwezekano mkubwa huyo ni chaza. Vinguzo vilivyosimama wima, vikikatiza unene wa gamba, huashiria kombe wa kundi la inoseramu. Chembe kubwa za fuwele zisizo na mpangilio husema jambo jingine: gamba lilikuwa la aragonaiti, madini yasiyodumu, likayeyuka na kalsaiti ikachukua nafasi yake. Magamba ya Trigonia yalikuwa ya aragonaiti. Ndiyo maana hata ukisaga kipande hadi unene wa milimita 0.03 na kukiweka chini ya hadubini, mara nyingi muundo wa asili hauonekani.

Hapo bawaba ya gamba la Trigonia ndiyo huokoa. Meno yake ni makubwa, yametanuka, na pande zake zina mifereji midogo iliyopangana sambamba. Kipande chenye jino hilo, hata kikiwa kidogo kama ukucha, kinatosha kutaja familia. Gamba likiwa limeyeyuka lote, usilitupe jiwe: mimina silikoni katika uwazi lililouacha, na umbo la meno litatoka.

Spishi ina ugumu wake. Kombe wa Tendaguru waliitwa kwanza Trigonia smeei, jina la kombe wa Kutch, India. Baadaye wakatambuliwa kuwa Indotrigonia africana, na tabaka lililoitwa kwa jina lao nalo likabadilishwa jina. Uamuzi kama huo huhitaji magamba mazima ya umri mbalimbali, kwa kuwa mbavu hubadilika kombe anapokua. Kwa hiyo kipande chenye jino pekee kiandikiwe familia tu, pamoja na tabaka na kina kilipookotwa, kabla jiwe halijaondoka shimoni.