"Udongo Umepimwa": Uhakiki wa Kauli Isiyotosheleza

Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam, zinapanuka kwa kasi. Mashamba ya mikorosho yanageuzwa viwanja vya makazi, na maeneo yaliyokuwa na karakana na viwanda yanapewa matumizi mapya. Mfano mmoja ni eneo la TAMCO, Kibaha, palipokuwa na kiwanda cha kuunganisha malori, ambalo sasa limetengwa kwa viwanda vipya. Pamoja na shughuli hizo imeenea kauli moja katika matangazo, mikataba na taarifa: kwamba kiwanja "kimepimwa" au udongo wake "umepimwa". Katika makala haya tunakusudia kuihakiki kauli hiyo na istilahi zinazoandamana nayo. Upungufu wake si wa kisarufi bali ni wa maana, na gharama yake humwangukia mwananchi.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Mpimaji ardhi asemapo kiwanja kimepimwa, ana maana kwamba mipaka yake imewekwa mawe na kuchorewa ramani. Bwana shamba apimapo udongo hutafuta rutuba, yaani kiasi cha naitrojeni, fosforasi na uchachu. Mhandisi hupima kama udongo utaweza kubeba msingi wa jengo. Mkemia hupima kiasi cha risasi, kadimi, zebaki na metali nyingine zenye madhara. Hizi ni kazi nne, zenye vyombo vinne na majibu manne, lakini zote zimevikwa vazi moja la neno. Udongo uliothibitishwa na mhandisi kuwa unaweza kubeba ghorofa tano waweza kuwa na sumu ya kumdhuru mtoto anayecheza juu yake. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba udongo "umepimwa" hana njia ya kutambua ni lipi kati ya maswali hayo manne lililojibiwa. Hakudanganywa, lakini pia hakuelezwa.

Wako watakaosema kwamba muktadha hutosha kufafanua. Hoja hiyo ina nguvu baina ya wataalamu wa fani moja. Haina nguvu pale taarifa inapotoka maabara na kufika mikononi mwa diwani, mwenyekiti wa kitongoji au mama anayenunua kiwanja, maana hao ndio wasomaji walio nje ya muktadha huo.

Istilahi ya pili ni jina la vitu vinavyotafutwa. Mara nyingi tunakuta "madini mazito". Hili ni kosa la wazi. Madini ni vitu vya asili vichimbwavyo ardhini, kama kaolini ya Pugu, wilayani Kisarawe. Risasi iliyomwagwa na fundi wa betri si madini, bali ni metali iliyoletwa na mkono wa mtu. Anayesoma "madini" huenda akafurahi, akidhani ardhi yake ina utajiri. Hata "metali nzito", iliyo afadhali, ina walakini. Uzito si sumu, na aseniki, ambayo kwa kawaida huorodheshwa humo, si metali kamili. Mwaka 2002, ripoti iliyotolewa chini ya Umoja wa Kimataifa wa Kemia ilionyesha kwamba istilahi hii haina fasili moja inayokubalika hata katika lugha ilikotoka. Hatuoni sababu ya Kiswahili kurithi utata wa wengine.

Tatu ni neno "risasi". Kwa msomaji wa kawaida, habari kwamba "risasi imekutwa katika udongo" ni habari ya polisi. Neno hili ni la zamani na halifai kutupwa, lakini katika taarifa rasmi lahitaji msaidizi: "metali ya risasi".

Nne, watu husema udongo ni "salama" bila kutaja kwa matumizi gani. Kiasi cha metali kinachovumilika chini ya sakafu ya ghala hakivumiliki katika bustani ya mchicha. Tena metali chache humo udongoni kwa asili. Kuwapo kwake peke yake si uchafuzi. Uchafuzi huanza pale kiasi kinapozidi kile cha asili kwa sababu ya shughuli za watu.

Kwamba jambo hili si mchezo wa maneno, Mombasa yatosha kuwa ushahidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifungwa mwaka 2014, lakini metali ya risasi haiozi, na udongo uliendelea kuwa nayo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo Desemba 2024, baada ya kutenguliwa katika rufani.

Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo ni za mwaka 2007. Zote zilitungwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria. Utata ukiingia katika tafsiri, utakuwa umeingia katika haki.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Kitenzi "kupima" kisiachwe peke yake. Isemwe: upimaji wa mipaka, upimaji wa rutuba, upimaji wa uhimili, upimaji wa vichafuzi.

(b) "Madini mazito" iachwe. Itumike "metali sumu", na kila moja itajwe kwa jina lake.

(c) "Kiwango asilia" kitofautishwe na "kiwango cha juu kinachoruhusiwa".

(d) Badala ya "udongo salama", iandikwe "udongo unaofaa kwa makazi", "kwa kilimo" au "kwa viwanda".

Tunawaomba wakemia, wahandisi na maofisa ardhi wayapime mapendekezo haya, na watuambie wameyapima kwa kipimo gani.