Joto chini ya jivu: mabonge ya vumbi la anga yalivyopimwa

Usiku wa Julai, yapata saa nne, umeme ukikatika Kasulu au Kibondo, tazama kusini juu ya mkia wa kundinyota la Nge. Njia ya Maziwa imejaa madoa meusi. Wengi hudhani pale hapana nyota. Zipo, zimefunikwa na vumbi, na ndani yake zinazaliwa nyota zenye tungamo mara nane ya Jua na zaidi.

Aliyewahi kufukia makaa anajua: jivu huficha moto, lakini ukisogeza kiganja unalisikia joto. Vumbi la anga hunywa mwanga wa nyota, kisha hutoa joto hafifu, lenyewe likiwa kwenye nyuzi za Selsiasi kama 250 chini ya sifuri. Joto hilo husafiri kwa mawimbi yenye urefu unaokaribia milimita moja, ambayo vumbi haliyazuii. Mvuke wa maji ndio huyazuia, kwa hiyo nyanda zetu, pamoja na giza lake zuri, hazifai. Mradi wa ATLASGAL, uliosaka mabonge ya vumbi hilo, ulitumia darubini ya APEX yenye sahani ya mita 12, katika jangwa la Atacama, Chile, mita 5,100 juu ya bahari.

Ustadi wenyewe uko hapa. Kamera ilikuwa na vihisi joto 295, na hata hewa ya jangwani iling'aa kuliko mabonge. Lakini hewa huvifikia vihisi vyote kwa pamoja, ilhali bonge huonwa na vichache kwa zamu, darubini inapofagia anga. Kilichopanda na kushuka katika vyote kilihesabiwa kuwa hewa, kikaondolewa. Hasara yake ni kwamba wingu pana, lililoijaza kamera nzima, nalo lilitupwa. Baadaye data za setilaiti ya Planck zilisaidia kulirudisha.

Yaliorodheshwa mabonge kama 10,000. Mahali yalipo napaamini. Uzito wake nauamini kwa tahadhari. Ukikadiria kuwa vumbi lina nyuzi 20 za Kelvin kumbe ni 10, tungamo halisi ni zaidi ya mara 3 ya ulilolipata. Ukidhani umbali ni nusu ya ule halisi, utapata robo tu ya tungamo halisi. Na umbali, unaokadiriwa kwa kasi ya gesi, unasumbua, kwani upande wa ndani wa mzunguko wa Jua katika Njia ya Maziwa kasi moja ya gesi hutoa majibu mawili, la karibu na la mbali. Watafiti hutafuta kivuli: hidrojeni baridi ya bonge la karibu hukata mng'ao wa hidrojeni yenye joto iliyo nyuma yake kwa kasi ileile. Pasipo kivuli, huelekea kulihesabu bonge kuwa la mbali.