Pongezi kwa Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi

Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1917 na ambalo leo limepakana na Bustani ya Uhuru, limejipatia hadhi ambayo mawe yake peke yake, pamoja na uzuri wake wote, yasingeweza kulipa. Mnamo Machi 1992, kina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa wafunguliwe, wakiwa pamoja na marehemu Wangari Maathai, walipopigwa na askari na kutimuliwa bustanini, walipewa hifadhi humo, nao wakakaa chini ya sakafu ya kanisa takriban mwaka mzima; jambo ambalo, kwa zama zile za hofu, halikuwa hisani ndogo. Gharama ya ujasiri wa namna hiyo ilikuja baadaye: tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia hadi ndani, wakarusha moshi wa kutoa machozi na kuwapiga waumini.

Ajabu ni kwamba vijana wa mwaka 2024, waliofurika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, hawakuyastahi makanisa kwa fadhila hizo za kale, bali waliwalaumu makasisi hadharani kwa kuwaachia wanasiasa mimbari na kupokea fedha zao. Lawama hiyo naiona ya haki. Novemba mwaka huohuo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango wa Rais uliotolewa katika parokia ya Soweto, ingawa wapo wachungaji, tena si haba, ambao bado bahasha huwapendeza.