Ukurasa wa Kijuma

Meza yangu hapa Kihonda inatazama milima ya Uluguru, na juu yake nimeweka nakala ya ukurasa mmoja wa utendi, mwandiko wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, kwa herufi za Kiarabu. Nimeukalia wiki nzima. Mistari imenyooka, na kati ya kipande na kipande ameacha nafasi ileile kutoka juu hadi chini.

Mkono huu ulichonga milango pia. Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili wa tenzi za kale. Mwaka 1913 alimwandikia mtafiti Alice Werner Utendi wa Fumo Liyongo; mwaka 1936 mtafiti mwingine, Ernst Dammann, alifika Lamu, naye Kijuma akamnakilia tenzi na kumfafanulia.

Kufafanua huko ni kazi ya polepole mno. Alama za irabu za Kiarabu ni tatu, irabu zetu ni tano. Basi i na e zinagawana alama moja, u na o nyingine. Katika mwandiko wa kizamani, herufi be ilibeba b, p na mb. Dali ilibeba d na nd. Chukua be na dali, kila moja na alama ya a. Ni banda au ni panda? Karatasi haisemi.

Msomaji hodari husoma ubeti kwa sauti, kisha akaurudia. Huhesabu mizani: nane kila kipande. Zikitoka saba, ama kasoma vibaya, ama kuna mnakili aliyeruka silabi. Hutazama vina: vipande vitatu vinafanana, cha nne kinabeba kina kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi. Lakini banda na panda zina mizani sawa na kina kimoja. Hapo kinabaki kisa chenyewe: nani yuko wapi, anafanya nini.

Halafu kuna Kiamu, lahaja ya Lamu, ambamo macho ni mato na njia ni ndia. Sisi wa bara tukikutana na mato tunaweza kudhani kalamu iliteleza, tukalisahihisha, tukaliharibu. Kijuma alikuwa akilisikia neno hilo mtaani kwao kila siku. Aliliacha lilivyo.

Jana jioni nilifuta neno moja la ubeti wa tatu, mara ya nne sasa, nikashika penseli na kuanza tena kusoma kwa sauti kutoka ubeti wa kwanza.